Mwalimu wa Vipande

Alikuwa haombi. Ijumaa alasiri, watu wakishatoka msikitini, alivuka barabara na mwavuli kwapani na kapu la ukindu mkononi, akainama chini ya cherehani yangu bila hodi na kuanza kuchambua vipande vya vitambaa. Cha kitenge alikivuta kuona kama kinanyooka. Cha suti ya bwana harusi alikinusa. Cha sare ya shule alikiacha. Nikimtupia jicho kali aliniambia, "Mtani, shona. Mwenye gauni anakuja saa kumi na hujaweka hata zipu."

Sikuweza kumfukuza. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mluguru, na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku, na kazi yako wewe ni kucheka. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Basi kwa ile miaka minne aliyopanga chumba ng'ambo ya kibaraza changu, hapa Mwembesongo, nilimchekea kila Ijumaa, na kila nilipomchekea nilizidi kumshuku. Mtu anayechukua takataka zako kwa uangalifu kiasi kile, nilijiambia, ana anachokitafuta.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Kazi imenilea hivyo. Mteja huiona nguo kwa nje. Fundi huigeuza akatazama mshono kwa ndani, na huko ndani ndiko uongo unakokaa: uzi uliorukwa, kitambaa kilichoungwa, pindo lililobandikwa gundi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nashinda na nguo tangu asubuhi.

Lakini nilikuwa na sababu nyingine, na hiyo haikuwa na mzaha ndani yake. Mke wangu alikuwa wa huko juu, upande wa Matombo. Alifariki wakati binti yetu wa pekee, Rehema, ana miaka sita. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wenyewe wanauita lukolo, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Nilikokulia mimi mtoto ni wa baba. Siku ya arobaini, shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikaa mkekani, akavua kofia, akasema kwa upole, "Shemeji, hatuna ugomvi na wewe. Mtoto bado mdogo, mlee. Akimaliza darasa la nne tutakuja tuzungumze. Nyumba ya bibi yake ipo, shamba la mama yake lipo. Mtoto ana kwao."

Upole ule ulinitisha kuliko kelele. Tangu siku hiyo nikawa naogopa mwisho wa mwaka. Watoto wa wenzangu wakipanda darasa wazazi wanachinja kuku. Rehema alipopanda la pili, mimi nilikosa usingizi. Nilikuwa na mtoto mmoja, na mlima mzima ulikuwa unamsubiri. Ukisimama kwenye kibaraza changu asubuhi unauona ule mlima, umekaa juu ya mabati ya Mwembesongo na wingu lake kichwani. Kila siku niliupa mgongo nikishona.

Sasa jiweke mahali pangu. Miezi michache baada ya arobaini, mwalimu mstaafu, Mluguru asiye na mume wala mtoto, anahamia mbele ya nyumba yako. Anaanza kuita watoto wa mtaa, Rehema wangu akiwemo, kila Jumamosi asubuhi, wakae kwenye kibaraza chake, awafundishe kuandika mashairi. Ada, hakuna. Nilimuuliza anapata faida gani. "Napata kusikia," alisema. Mimi nikaona hilo si jibu. Cha bure nacho kina mwenyewe, na mwenyewe siku moja atakuja kukidai.

Na alikuwa anadanganya, au ndivyo nilivyoamini. Mimi aliniambia alifundisha Kilosa. Mama muuza vitumbua alimwambia Ifakara. Mwenye nyumba wake alijua Turiani. Nikakusanya majibu haya matatu kama shahidi anayejiandaa kwenda mahakamani. Kijiji chake cha mlimani hakukitaja hata mara moja. Ukimuuliza, alikuuliza wewe: umekula nini, unaota nini, kwa nini fundi anashonea watu wote nguo na mwenyewe shati lake halina vifungo viwili. Maswali alikuwa nayo mengi kuliko polisi.

Tabia zake hazikushikamana. Alikwenda misa ya kwanza kila Jumapili, na mwenzake wa jumuiya alinisimulia kwamba mahubiri yakianza tu, anasinzia mpaka anakoroma. Chai alitia vijiko vinne vya sukari, kisha akawakataza watoto peremende. Mwavuli aliubeba kiangazi chote. Masika yakianza aliusahau ndani, akafika kwangu amelowa na kunilaumu mimi. Mtoto akijikwaa hakumwambia pole, alimuuliza, "Limesema nini hilo jiwe?" Lakini siku mtoto wa jirani alipougua degedege, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kituo cha afya, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akarudi akaja kuchambua vipande kama kawaida.

Somo lake lilikuwa hivi. Watoto kumi na wawili, kumi na watano, wamekaa sakafuni na penseli. Anapita na kopo kubwa la maziwa ya unga, kila mmoja anatia mkono bila kuangalia na kutoa kitu kimoja: kifungo, kizibo, gamba la konokono, kipande changu cha kitenge. "Usiniulize uandike nini," aliwaambia. "Kiulize ulichoshika." Siku nyingine aliwafunga macho akawanusisha utambi wa taa, kisha jani la kabichi ya Mgeta. Siku nyingine aliwaambia waandike barua ya kiatu kimoja kwenda kwa mwenzake aliyepotea. Nilikuwa nasikia kila kitu kutoka ng'ambo, maana cherehani inanyamaza fundi akitaka. Mtoto wa muuza mkaa alisoma: "Mwenzangu, tangu uende, natembea kwa kuruka. Kamba zako ninazo. Rudi, hata kama umechakaa, mimi pia nimechakaa." Nilishusha mguu kwenye kanyagio, nikashona mstari mzima bila uzi.

Alikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa. Kitu unachokiandikia usikitaje jina. Ukiandika kifungo, neno kifungo lisiwemo. Wenzako wasikilize, wakijue wenyewe. "Ukilitaja jina umeshakifunga mlangoni," alisema. "Usipolitaja, itabidi ukitazame." Na neno "nzuri" alilipiga marufuku kabisa, alisema ni la wavivu. Mtoto akiandika kwamba ana huzuni, alimuuliza huzuni hiyo imekaa wapi ndani ya nyumba, kitandani au jikoni.

Hapo ndipo masikio yangu yaliposimama. Ndani ya nyumba! Kwa nini mgeni atake kujua huzuni ya watu imekaa wapi ndani ya nyumba zao?

Niligombana naye juu ya vina. Mimi ni mpenzi wa mashairi ya redioni, yale yenye vina na mizani, unayasikia yanavyopishana kama sindano na uzi. Nikamwambia anachowafundisha watoto si shairi, ni maneno yaliyovunjika.

"Vina vitaota," alisema, akiwa amepiga magoti kwenye vipande. "Ni kama meno ya pili. Ukiyalazimisha mapema yanaota vibaya."

"Basi haya ya kwanza ni ya nini, Mwalimu?"

"Ya kung'atia, mtani. Mtoto aume kitu kwanza."

Watoto wakishaondoka alikaa peke yake na daftari kubwa jeusi, akaandika muda mrefu. Hilo daftari lilininyima raha. Nilimtuma Rehema achungulie. Alirudi akasema, "Baba, ameandika majina yetu, na mistari." Majina ya nini? Nikamuuliza Rehema wameambiwa waandike nini juma hilo. Akasema, "Mahali mama anapoweka mikono akichoka." Nikamwambia, wewe huna mama, umeandika nini? Akanitazama, akasema ameandika ninapoweka mimi.

Ningemwondoa Rehema darasani siku hiyohiyo. Lakini mtoto alikuwa amebadilika. Baada ya msiba alikuwa hasemi, mwalimu wake wa darasa aliniita mara mbili. Sasa alikuwa akiosha vyombo anaongea na sufuria. Alikuwa anaamka Jumamosi kabla yangu. Nilimwacha aende, nikawa nalinda kutoka ng'ambo, na mwaka wa nne ukafika.

Ilikuwa katikati ya mwaka huo. Mwalimu aliwaambia walete kitu kimoja kutoka nyumbani, kitu ambacho hakina kazi na hakitupwi. Mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba Jumamosi asubuhi nilifungua droo ya tatu ya meza ya kukatia na kukuta haina kitu.

Katika droo hiyo kulikuwa na mkono wa gauni. Nilikuwa namshonea mke wangu gauni la kitenge cha njano chenye ndege wa bluu alipougua. Nilikata mkono wa kulia, nikaushona, nikaweka pindo. Wa kushoto sikuukata. Gauni lenyewe walinishauri wenye hekima nitoe sadaka, nikatoa likiwa kitambaa tu. Ule mkono niliubakiza, na hakuna aliyejua, au hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Hofu ina lugha yake. Wiki hiyohiyo muuza vitumbua alikuwa ameniambia, kwa sauti ya chini, "Fundi, kikongwe anayekusanya vifungo vya watu na nguo za watu, wewe unadhani anafanyia nini?" Nilimcheka. Sasa nikiwa nimeshika droo tupu sikucheka. Nguo ya marehemu imetoka ndani kwangu, na mjomba anakuja mwisho wa mwaka. Nilivuka barabara futi ya kupimia ikiwa shingoni.

Rehema alikuwa amesimama katikati ya wenzake. Amevaa ule mkono juu ya mkono wake mwenyewe, unapita vidole. Karatasi iko mkono wa pili, anasoma. Watoto wote wanamtazama. Sikusikia anasoma nini. Nilimvua ule mkono wa gauni kwa nguvu, nikamshika bega.

"Nani amekutuma?" nilimwambia Mwalimu. Utani ulikuwa umekufa. "Nani amekutuma kwenye nyumba yangu?"

Hakusimama. Alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite. "Fundi," alisema, "mwache amalize mstari."

"Mstari gani? Umemaliza kuchimba kwa wenzake, sasa unakuja kwangu?"

"Mwache amalize mstari, kisha unitukane. Nitakuwa hapahapa."

Nikamburuta mtoto. Rehema hakulia barabarani. Alilia alipofika ndani, akakaa chini ya meza ya kukatia kama alipokuwa mdogo, na siku mbili hakuniita baba.

Nami sikuishia hapo. Kosa hili ni langu, sitalipunguza. Kila mzazi aliyekuja kupimwa nguo nilimwambia. Sikusema uongo hata mmoja. Nilisema tu majibu yake matatu, daftari jeusi, maswali ya ndani ya nyumba, nguo ya marehemu. Nilishona ushahidi wangu vizuri. Katika mwezi mmoja kibaraza chake kilibaki na watoto watatu, kisha mmoja, kisha hakuna. Yeye aliendelea kutoka kila Jumamosi, akaweka kopo la maziwa sakafuni, akakaa mpaka saa nne, akaingia ndani. Ijumaa hakuja tena kuchambua. Vipande vilijaa chini ya cherehani mpaka vikanizuia miguu.

Kisha, shule zikikaribia kufungwa, nikamwona. Nilikwenda soko kuu kununua uzi, nikapita upande wa matenga ya nyanya, na pale, nyuma ya matenga, amesimama Mwalimu na shemeji yangu. Shemeji alikuwa ameshuka na ndizi zake. Nikajibanza nyuma ya magunia ya vitunguu. Walikuwa wanaongea Kiluguru, wamekaribiana kama watu wanaojuana. Mwalimu akafungua kapu lake la ukindu, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa. Shemeji akaisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Nilirudi bila uzi. Nasema kweli, nilikuwa na furaha ndogo mbaya ya mtu aliyeshuku akapatia. Lisemwalo lipo. Nikafungua begi, nikaweka nguo za Rehema na cheti chake cha kuzaliwa. Mpango ulikuwa kumpeleka Tabora kwa dada yangu kabla mjomba hajafika. Kibanda, wateja, mashine mbili, vyote ningeviacha.

Sikuwahi. Shemeji alikuja Desemba, siku shule ilipofungwa, na mkungu wa ndizi begani. Alikaa kwenye benchi la wateja. Nilimpa chai. Begi lilikuwa nyuma ya mlango, liko tayari. Aliomba kumwona mtoto, Rehema akaja akamwamkia, "Shikamoo mjomba." Alimtazama sana. Alimtazama usoni, kisha akatazama urefu wa mkono wake, jambo lililonishangaza. Halafu akasema, "Shemeji, mtoto asome hapa hapa. Likizo aje atuone, ajue kwao. Basi." Akanywa chai yake, akaondoka na kofia yake.

Ungeniuliza wakati ule kwa nini alilegea, ningekujibu kwamba aliniogopa. Ameona mtu aliyeshika mkasi na macho mekundu. Nilitembea wiki nzima nimetoa kifua. Mwalimu alihama Januari bila kuaga. Asubuhi moja nilikuta kiroba kimening'inizwa kwenye kitasa changu: vipande vyote, vya miaka minne, vimefuliwa na kukunjwa, na vifungo vimefungwa kwenye leso. Nikaona ni matusi. Nilivitupa.

Rehema sasa yuko kidato cha tatu, anasoma bweni Kilakala. Likizo hupanda mlimani kwa mjomba na kushuka na harufu ya pilipili manga kwenye nguo. Mwaka huu Juni nilipanda mwenyewe kumchukua, kwa pikipiki mpaka barabara ilipokataa, kisha kwa miguu. Shemeji alinipokea vizuri. Tulipomaliza kula akasema, "Mwalimu wenu wa zamani yuko hapo chini, karibu na misheni. Anaumwa macho. Kamsalimie, shemeji." Nikamuuliza mwalimu gani. Akanicheka. "Mama yangu mdogo; kabla ya Mwembesongo hukuwahi kumwona, alikuwa akifundisha mbali. Huyo si wa lukolo yetu? Rehema kwake ni mjukuu."

Niliteremka ile njia. Nilimkuta ameketi mlangoni, anachambua maharage kwa vidole, uso ameuelekeza kwingine. Mwavuli ulikuwa pembeni yake, na jua lilikuwa linawaka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akainamisha kichwa, akatega sikio. "Huyo anayevuta mguu wa kulia ni mtu wa cherehani. Mtani, umekuja kudai vipande vyako?"

Nilitaka kucheka ikashindikana. Nikakaa kwenye jiwe, nikamuuliza moja kwa moja, kwa sababu nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka sita. "Mwalimu, ulitumwa?"

"Nilitumwa," alisema.

Hakuweka hata pumzi kati. Alisema hakuhamia Mwembesongo kwa ajili yetu, alifuata chumba cha bei nafuu na hospitali. Lakini mpwa wake, huyo shemeji yangu, alipojua anapokaa, alimwomba amwangalie mtoto wa marehemu: anakula, anapigwa, analala wapi. "Ulishuku kweli, Fundi. Nilikuwa naangalia. Sikukwambia mimi ni nani kwa sababu ungenifungia mlango siku ya kwanza, na mtoto alikuwa hasemi."

"Na daftari?"

Akanituma ndani nikalete. Lilikuwa juu ya sanduku. Nilifungua nikasoma: jina la mtoto, na mbele yake kitu alichokitoa kwenye kopo siku hiyo, ili asimpe tena kilekile. Kifungo. Kizibo. Utambi. Chini, mstari mmoja mmoja aliotaka kuukumbuka. Kurasa na kurasa hivyo hivyo. Sehemu moja pembeni ameandika nyakati za shule alizofundisha: Kilosa, Turiani, Ifakara. Mwalimu wa serikali huhamishwa. Jambo dogo kama hilo sikuwahi kuliwaza.

"Na karatasi uliyompa shemeji sokoni? Niliwaona."

"Najua ulituona. Ulikuwa umejificha nyuma ya vitunguu, mtu mzima." Akaacha maharage. "Yule mtoto, Jumatatu baada ya wewe kumburuta, alipita kwangu akitoka shule. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akaomba penseli, akaandika mstari uliomkatizia wewe, akaniachia karatasi. Mpwa wangu aliponiuliza, mama mdogo, umeonaje, tumchukue? sikumjibu. Nilimpa asome mwenyewe."

"Ilisema nini?"

"Hukumuuliza binti yako?"

Sikuwahi kumuuliza. Miaka sita, sikuwahi. Niliona haya, na nikamwambia hivyo.

Basi akanisomea kutoka kichwani, uso umeelekea bondeni, bila haraka:

"Kiko kwenye droo ya tatu.
Mwenzake hakukatwa.
Mvua ikinyesha na wateja hawaji
baba anakitoa, anakinyoosha kwa kiganja, bila pasi,
anakirudisha.
Anadhani nimelala.
Nikikivaa mimi kinapita vidole,
lakini kila mwaka vidole vinakifuata.
Msinipeleke mbali bado.
Siku kitakaponitosha
nataka baba awe hapo, na futi shingoni."

"Huo wa mwisho," Mwalimu alisema, "ndio aliokuja kuumalizia."

Nililia. Mtu mzima, juu ya jiwe, mbele ya mtani wangu ambaye kwa mila alikuwa na haki ya kunicheka mpaka kesho. Hakunicheka. Niliomba radhi kwa kibaraza kilichobaki kitupu, kwa wazazi niliowajaza maneno, kwa kiroba nilichotupa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nimekusamehe. Alisema zile Jumamosi za peke yake zilimuuma, na kwamba baada ya hapo hakufundisha tena. Nilitaka aseme jambo jingine, lolote la kunipunguzia, hakusema.

Nilipoinuka akaniambia, "Hukusomewa bure. Kaa." Akapapasa kwenye kapu lake la ukindu, akatoa kipande cha penseli, akanitia kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake. "Andika juu ya mtu uliyemshuku. Neno nzuri lisiwemo. Na unajua sheria."

Ndiyo haya. Nimeyaandika mezani pa kukatia, juu ya droo ya tatu, kwa muda mrefu kuliko ninavyoshona suti. Nina wasiwasi bado, hiyo ndiyo tabia yangu. Nashuku atasema maneno yamezidi. Jina lake sikulitaja. Jumamosi Rehema atapanda nayo amsomee, maana macho ya Mwalimu hayaoni tena karatasi, na mimi nitasubiri nje. Nimemwambia mtoto asimame wima, asome pole pole, na mtu akiingia kwa fujo, yeyote yule, asinyamaze mpaka amalize mstari.